Moshi wa Mgongoni

Sigara yangu ya kwanza nilipewa na baba yangu, na hakujua kwamba amenipa. Nilikuwa na miaka saba. Alikuwa ametoka kazini, amekaa barazani kwenye kiti chake cha kamba za plastiki, viatu vya kampuni bado viko miguuni. Alichomoa sigara moja kwenye pakiti akaninyooshea.

"Wende kule kwa mama yako, uniwashie."

Kiberiti kilikuwepo nyumbani, lakini kilikuwa cha taa na cha dharura. Sigara iliwashwa kwenye mbabula, lile jiko la bati lililotobolewa matundu, ambalo mama alilijaza makala, yaani makaa, na kupikia bukari, ugali wetu, nyuma ya nyumba. Mtaa wetu wote wa Kolwezi ulifanya hivyo. Mkubwa anakaa mbele, moto uko nyuma, na katikati kuna mtoto.

Sasa, sigara si kuni. Ukiigusisha tu kwenye kaa, karatasi inaungua, tumbaku inabaki inakutazama. Lazima uivute. Halafu kutoka mbabula hadi baraza ni hatua ishirini na tatu, nimezihesabu mara mbili, na kwenye hatua ya kumi na nne kuna kona ya nyumba, na kwenye kona kuna upepo. Ukifika na sigara iliyozimika unarudishwa, na watu wa barazani wanakucheka. Kwa hiyo unavuta mara moja kwenye kaa, mara ya pili kwenye kona, mara ya tatu kabla ya kumkabidhi mwenyewe, ili aipokee ikiwa nyekundu. Kwa siku nilimwashia sigara tano. Tatu mara tano, kumi na tano. Kwa hesabu hiyo nilikuwa namaliza sigara nzima kila siku, na meno yangu ya mbele yalikuwa hayajaota yote.

Hakuna aliyeiita kuvuta. Iliitwa kuwasha, na mtoto anayewasha vizuri alikuwa mtoto mwenye heshima. Jirani yetu mmoja alikuwa akimwambia baba, "Huyu mutoto yako anajua kutunza moto. Wa kwangu ananiletea majivu." Baba alikuwa anafurahi. Na mimi pia nilifurahi, kusema kweli. Kusifiwa hakukuwa bidhaa iliyojaa kwetu.

Baba alikuwa magazinia, mtunza ghala la vipuri vya kampuni ya mgodi. Kazi yake ilikuwa skrubu, nati, mikanda ya mashine, na kuhakikisha kwamba zilizotoka jana hazikutoka tena leo usiku kwa miguu yao. Alihesabu kila kitu mara mbili. Ukimletea mikate minne kutoka sokoni, anasema, "Hesabu tena." Unahesabu tena: minne. Hapo tu ndipo mikate ilikuwa minne. Sisi watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyenifuata baada ya miaka mingi, na hata sisi alituhesabu tukitoka kanisani. Moja, mbili. Moja, mbili. Tabia hiyo nimeirithi, na sokoni imenipa chakula hadi leo.

Watu wa baba walitoka Kasai. Babu aliletwa na treni kuja kuchimba shaba, akazaa huku, akazikwa huku. Baba mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na hiyo Kasai alikuwa anaijua kama ninavyoijua mbingu, yaani kwa kusimuliwa. Mama alikuwa wa Katanga ya kaskazini. Walikutana kwenye kwaya ya parokia. Yeye sauti ya kwanza, baba sauti ya tatu, maana pumzi yake haikupanda juu zaidi ya hapo. Wakati ule ndoa kama hiyo haikumshangaza mtu. Watu waliuliza tu kama bwana arusi analipwa kwa wakati.

Mdogo wangu alizaliwa wakati wa mvua, na wakati wa mvua baba alivutia sigara ndani. Moshi ulipanda hadi dari, ukakaa pale kama mgeni asiyejua kuaga, halafu ukashuka polepole kwenye chandarua cha mtoto. Mama akifungua dirisha, baba analifunga.

"Utaingiza mbu," anasema baba. "Hii moshi njo inafukuza mbu."

"Inafukuza mbu, na mutoto je?"

"Mutoto haiko mbu."

Kifua cha mtoto kilianza kupiga filimbi kabla hajajua kukaa. Tulilaumu vumbi la mgodi. Tulilaumu baridi ya mwezi wa sita. Tulimlaumu mama mkwe wa jirani aliyembeba bila kunawa mikono. Tulimsugua mafuta ya ngazi, yale ya mawese, kifuani, tukamfunga kofia ya sufu, tukamwombea. Baba aliamka kila alipokohoa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama kwa huruma kubwa, na kwa sababu ya hiyo huruma akawasha nyingine.

Halafu mgodi ukaanguka. Mashine moja baada ya nyingine ilinyamaza, mishahara ikawa hadithi, maduka yakaporwa hadi milango yake. Na watu wakiwa na njaa wanatafuta nani kala. Maneno yalianzia redioni na kwenye mikutano, yakashuka mitaani, yakafika hadi kisimani: watu wa Kasai warudi kwao. Tuliitwa wadudu. Nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha kabati, nikahesabu miguu. Miwili.

Baba aliambiwa akabidhi funguo za ghala. Zilikuwa thelathini na moja. Alizihesabu mara mbili juu ya meza, mbele ya yule aliyekuja kushika nafasi yake, na yule bwana akazikumba zote mfukoni bila kuhesabu hata mara moja. Baba alirudi nyumbani akasema hilo tu. Kufukuzwa hakukusema. Alisema, "Hakuhesabu," akakaa barazani, akaninyooshea sigara.

Asubuhi ya kutolewa nyumbani walikuja vijana tisa na marungu. Mmoja nilimjua vizuri: mtoto wa yule jirani wa majivu. Tulikuwa tumewahi kuwasha sigara za baba zetu kwenye mbabula moja. Hakuniangalia. Alimwambia baba, akitazama viatu vyake, "Tata, utusamehe. Mutoke tu mbele ya saa kumi." Baba akamjibu kwamba saa kumi ni sawa, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpa ruhusa.

Tulikwenda stesheni, kama wote. Uwanja wa reli ulikuwa umejaa watu na fanicha. Hakuna aliyejua treni itakuja lini. Lililojulikana ni kwamba ikija, itakwenda mashariki hadi Tenke, halafu itapanda kaskazini kuelekea Kasai. Watu walijenga nyumba kwa walichobeba. Ukuta wetu wa mbele ulikuwa kabati la nguo la ndoa ya wazazi wangu, kioo kikitazama nje, hivyo kila asubuhi wanaume tusiowajua walikuja kunyoa ndevu mbele ya chumba chetu cha kulala. Baba alitaka kuwatoza. Mama akamwambia, "Uache, angalau ukuta wetu unasaidia watu." Nyuma kulikuwa na godoro lililosimamishwa, juu turubai. Ndani, hatua nne kwa tatu. Nilizihesabu mara mbili nikitumaini kwamba mara ya pili zitaongezeka.

Mbabula ikakaa mlangoni. Baba hakuwa na kazi, hakuwa na ghala, hakuwa na kitu cha kuhesabu isipokuwa sisi, na sasa alivuta kutoka asubuhi hadi jioni. Moshi haukuwa na dari ya kupanda. Uligonga turubai, ukarudi, ukakaa nasi. Na mimi niliendelea kuwasha. Kutoka mbabula hadi mkono wa baba zilikuwa hatua mbili, hakuna kona, hakuna upepo. Bado nilivuta mara tatu. Hatua zilipungua, mivuto haikupungua. Hapo ndipo ningeelewa, kama ningekuwa na akili ya kujihesabu mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili, na kifua chake kilizidi. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, kama mtu anayenyonya mashavu. Mama akampeleka kwa mtawa muuguzi aliyekuwa anatibu watu chini ya hema karibu na mnara wa maji, na mimi nikafuata. Yule mtawa alikuwa mnene, mwenye haraka, na hakupoteza neno. Aliweka sikio kifuani kwa mtoto. Alisikiliza mbele, akasikiliza nyuma. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona muuguzi akifanya: alinusa nywele za mtoto.

"Nani anavutaka kwenu?"

Mama akasema, "Baba yake, ma sœur."

"Huyu mutoto anavuta pamoja naye. Pale analala, moshi isifike. Si kidogo, si mbali kidogo. Isifike kabisa. Dawa nitamupa, lakini dawa na moshi bikigombana ndani ya kifua kidogo vile, moshi njo inashinda."

Akanigeukia mimi, akanifundisha kuhesabu pumzi. Nimtazame mtoto akiwa amelala, tumbo likipanda ni moja. Zikianza kukimbia, nimlete mbio. "Unajua kuhesabu?" aliniuliza. Mama akajibu kwa niaba yangu kwamba hilo ndilo tatizo letu, nyumba nzima tunajua.

Siku hiyo hiyo alifika mjomba, kaka wa mama, kutoka Mutshatsha, alikokuwa akiuza makala. Alikuja na treni ya magharibi, ile iliyokuwa bado ikijikokota mara moja moja. Aliinama kuingia chini ya turubai, akakohoa kabla ya kusalimia.

"Dada, chukua batoto twende. Wewe haufukuzwi na mutu. Kule kuko hewa, kuko mihogo. Shemeji atatangulia Kasai, mambo ikitulia mutaonana."

Baba alikuwa na sigara mkononi. Mama alimtazama mjomba, akatazama sigara, akamtazama mtoto aliyekuwa akipiga filimbi mapajani mwake. Mama hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa sharti moja.

"Papa ya batoto," akasema, "mi nilikufuata mu kanisa, nikakufuata hapa ku reli. Ukiacha hii kitu, tutaenda sisi bote ku Kasai, hata kama sijue kule kuko nini. Usipoacha, mi na huyu mudogo tunaenda na kaka. Kaka iko hapa mpaka treni yake irudi. Sina maneno ingine."

"Ni sigara tu," akasema baba.

"Basi kama ni sigara tu, haitakuwa nguvu kuacha."

Nimefanya biashara miaka mingi tangu siku ile, na sijasikia mtu akifunga mjadala kwa usafi kama ule. Baba aliizima ile aliyokuwa nayo kwenye udongo. Akatoa pakiti mfukoni mwa shati, akanipa.

"Kumi na moja," akasema. "Hesabu tena."

Nilihesabu. Kumi na moja.

"Wende ubadilishe. Sabuni, karanga, chochote ya mutoto. Usirudi na hata moja."

Na baba aliacha. Nataka iandikwe mahali fulani, kwa kuwa kwa miaka mingi haikuandikwa popote: aliacha siku ile, saa ile, chini ya turubai lile, katikati ya balaa kubwa kuliko zote maishani mwake. Alitafuna vijiti. Alipanga mawe ya reli kwa ukubwa, akayahesabu, akayapanga upya. Lakini hakuvuta.

Mimi nilikuwa mfanyabiashara mzuri mno, na hilo ndilo lililotuponza. Stesheni nzima ilikuwa na kiu ya sigara. Kwa sigara sita nilipata kipande cha sabuni ya bluu, kopo la karanga, na kofia ya mtoto yenye masikio. Yule mzee wa kofia aliniambia, "Weye mutoto utakuja kuuza hata mama yako," nikamjibu kwamba inategemea anatoa nini. Sita zilileta mzigo wa kumi na moja. Zikabaki tano. Nilizifunga kwenye kona ya kitenge.

Sikujiambia kwamba nitazivuta. Nilijiambia nitazitunza kwa biashara ya baadaye. Lakini tangu baba aache, hakukuwa na cha kuwasha, na mwili wangu ulikuwa unasubiri mivuto yake kama mfanyakazi anayesubiri mshahara. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Kichwa kiliniuma. Mama alisema ni jua.

Kila alasiri kazi yangu ilikuwa kumtembeza mdogo wangu mahali penye hewa, kama alivyoagiza muuguzi. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge, nikaenda naye nyuma ya mabehewa mabovu, mwisho wa uwanja, ambako watu walikuwa wachache. Mwanamke mmoja alikuwa akichoma mahindi hapo. Siku ya kwanza nilimwomba kaa moja.

Na hapa nieleze hesabu yangu, maana niliifanya, nikairudia, na mara zote mbili ilinijia sawa. Muuguzi alisema moshi usimfikie mtoto. Mtoto yuko mgongoni. Mdomo wangu uko mbele. Ninapuliza mbele. Kati ya moshi na pua yake kuna kichwa changu kizima na shingo. Kwa hiyo haumfikii. Nilikuwa na hakika kuliko padri. Mtoto mwingine yeyote, wa nchi ya watu wanaosukuma watoto kwenye magurudumu, asingeweza kukosea hivyo; ilihitaji mtu aliyezoea kuwa na mwenzake mgongoni hadi akasahau kwamba naye ana pua.

Kwani unapomtembeza mtoto unatembea. Na ukitembea, kile unachopuliza mbele unakipita, kinakupita masikioni, kinakwenda nyuma. Ilinichukua sigara nne kuona hilo. Siku ya nne kivuli chetu kilikuwa kando yangu kwenye changarawe, kimoja chenye vichwa viwili. Niliuona moshi wangu ukitoka kwenye kichwa cha mbele, ukazunguka, ukaingia kwenye kichwa cha nyuma. Mdogo wangu akakohoa. Nilisimama. Nikasema moyoni, ni bahati mbaya tu ya upepo. Na siku ya tano nilivuta ya tano, nimesimama wima, sipigi hatua, kana kwamba kusimama kungetosha.

Jioni ile, kabla jua halijazama, niliketi na kuhesabu pumzi zake. Nikahesabu tena. Zilikuwa zinakimbia. Nilimwita mama, tukakimbia naye hadi hemani. Yule muuguzi alimpa dawa, akamkalisha wima, akamsugua mgongo mpaka filimbi ikashuka. Halafu akanusa nywele zake tena. Alimtazama mama tu, akamrudishia mtoto.

Mama alitembea mbele yangu hadi kwenye kabati letu. Njiani alikishika kile kitenge cha kubebea, akakileta puani, akatembea nacho hivyo hadi mlangoni. Baba alikuwa akipanga mawe yake. Mjomba alikuwa amekaa juu ya gunia.

"Papa ya batoto," mama akasema, "uliniambia umeacha."

"Niliacha."

"Hii kitenge inanuka nini?"

Baba alikichukua kitenge. Alikinusa. Mvutaji aliyeacha siku tano zilizopita ana pua ya mbwa. Harufu ile ilimwingia hadi miguuni, nilimwona. Akaniangalia mimi. Halafu akaangalia zile bidhaa zangu zilizokuwa zimepangwa pembeni ya godoro: kipande cha sabuni, kopo la karanga, kofia yenye masikio. Macho yake yalipita juu yake mara moja. Yakapita mara ya pili. Alikuwa magazinia kwa miaka kumi na tisa. Alijua kilichotoka ghalani, alijua kilichoingia, na kwa bei ya sigara pale stesheni, pengo alilijua.

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nilikuwa nakwenda kusema. Nimejiuliza mara nyingi kama kweli nilikuwa nakwenda kusema, na kila nikihesabu napata jibu tofauti.

"Njo mi," akasema baba, yaani ni yeye aliyevuta.

"Juu ya nini?" mama akauliza, na sauti yake ilivunjika hapo hapo.

"Ilinishinda."

Mjomba akapiga ulimi. "Shemeji, mutoto anakufa, na weye…"

"Njo mi, nimesema."

Basi sharti ni sharti. Treni ya magharibi iliondoka siku mbili baadaye. Mama alitaka kunichukua na mimi, alikuwa ameshafunga nguo zangu pamoja na zake. Nilikataa. Nilisema nitamwangalia baba. Mama alilia, akasema nina moyo mzuri, akanibusu paji la uso. Moyo mzuri! Nilikataa kwa sababu nilijua moshi uko wapi. Ulikuwa ndani yangu, na sikutaka uende Mutshatsha.

Walimpandisha mdogo wangu dirishani, kofia yenye masikio kichwani. Baba alisimama chini akahesabu. Moja, mbili, wale wa treni. Moja, mbili, sisi wa chini. Wazazi wetu walisema watatengana mwezi mmoja.

Treni yetu ilikuja baada ya wiki tatu. Ilikuwa behewa la mizigo, lisilo na dirisha, watu wamekaa juu ya mabegi na juu ya watu. Tulipopita Tenke mwanga wa mchana uliingia kwenye upenyo wa mbao, na wanaume wawili karibu nasi wakawasha sigara. Kulikuwa na mtoto mchanga upande wa pili. Baba alinyanyuka, yeye aliyekuwa mpole kwa wakubwa wa kampuni na kwa vijana wa marungu, akawaambia wazizime. Mmoja akamwuliza yeye ni nani. "Mi ni mutu ya moshi," akajibu. "Naijua. Zima." Wakazima, nadhani kwa kushangaa.

Alipokaa tena, aliniuliza bila kunitazama.

"Zilikuwa ngapi?"

"Tano, papa."

"Hesabu tena."

"Tano."

"Ya sita?"

"Hapana."

"Basi," akasema. Akaniwekea mkono begani. Hakulizungumza tena, wala wiki ile, wala mwaka ule, wala siku alipolala hospitalini Kasai, katika nchi ya watu wake ambao walimwita mgeni. Sikuvuta ya sita. Haukuwa ushujaa; kila nilipoiona sigara nilikiona kile kivuli cha vichwa viwili.

Mwezi mmoja ulikuwa miaka kumi na miwili. Treni zilikufa, barua zilipotea, baba akafa katika mwaka wa tisa. Nilirudi Kolwezi peke yangu, nikamkuta mama amerudi kutoka Mutshatsha, amezeeka upande mmoja zaidi kuliko mwingine, na mdogo wangu kijana mrefu mwenye pumzi fupi. Tulilia, tukala, tukaanza maisha. Nilipata meza sokoni. Yeye akaanza kuuza vipuri vya pikipiki, akaoa, akapata binti. Na la kusema nililibeba mgongoni kila siku, nikijiambia kesho.

Sitajidai kwamba sigara zangu tano ndizo zilizokiharibu kifua chake. Naijua hesabu: nyuma yake kulikuwa na miaka miwili ya moshi wa nyumba nzima, na mbabula, na vumbi la mgodi. Tano ni kidogo. Lakini tano ndizo zilizogawa familia, na hizo hazikuwa za baba.

Jumapili moja, tumetoka misa, tumekaa barazani kwa mama. Kiti ni kingine, kamba za plastiki ni zile zile. Mdogo wangu akachomoa pakiti. Nilijua kwamba anavuta, lakini alikuwa hajawahi kuvuta mbele yangu.

"Na kifua hicho?" nikamwuliza.

Akacheka, na kicheko kikapiga filimbi. "Ya, papa alituacha juu ya sigara. Mama alinielezaka kila siku: baba yako alichagua sigara. Basi mi nikasema, nijaribu, nijue hiyo utamu yake ni ya namna gani, ya kushinda mutoto." Akaangalia sigara vidoleni. "Sijaipata bado. Natafuta."

Halafu akamwita binti yake, mwenye miaka minane, akamnyooshea.

"Wende kwa mama yako, uniwashie."

Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, vizuri, kwa heshima, akageuka. Nilimwona akihesabu hatua, au labda niliona tu nilichozoea kuona.

"Simama," nikamwambia. Akasimama.

Nikasema yote. Sikuyasema kwa mpangilio huu. Nilianza na kitenge, nikarudi kwenye pakiti, nikasahau kofia, nikairudia. Mdogo wangu alinitazama kana kwamba ninamsomea barua ya mtu mwingine. Mama hakunitazama. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake juu ya goti.

"Papa yangu aliacha?" mdogo wangu akauliza mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Aliacha, juu yangu?"

"Siku ile ile. Hakurudia mpaka kufa."

Ndipo mama akasema, bado akitazama pindo lake:

"Ngapi?"

"Tano, mama."

"Hesabu tena."

Hakuwahi kusema maneno hayo maishani mwake. Yalikuwa ya baba. Nilihesabu tena, kwa vidole, kama mtoto, mbele yao wote. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mama alitikisa kichwa taratibu, akafunika uso kwa kitenge, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mdogo wangu alisogeza kiti chake karibu na chake. Mimi sikusogea. Sikuwa na haki ya kuchagua pa kukaa.

Binti yake alikuwa bado amesimama kwenye kona ya nyumba, sigara mikononi, akimtazama huyu na yule. Watoto hawapendi kuachwa na kazi nusu.

"Papa," akaita, "niwashe ao nisiwashe?"

Mdogo wangu alivuta pumzi ili amjibu, na sote tuliisikia ikiingia.

"Leta hapa hivyo hivyo," akasema.